Kabla ya kitambaa, karatasi: Mapambo ya sherehe Upare bila deni la Januari

Muktasari:
Mpambaji mzuri huanza na maswali, picha hufuata baadaye. Kwa familia za Same na milima ya Upare, karatasi moja ya mapendekezo inaweza kuokoa sherehe, mahitaji ya shule na hata undugu.

Same. Jumamosi jua likishazama ndipo nyundo zinapoanza kusikika katika nyumba za Wasabato wa Upare Kusini zinazojiandaa kwa harusi ya Jumapili. Tangu Ijumaa jioni hakuna aliyechimba shimo la nguzo wala kufunga kamba. Sasa Sabato imeisha, na mpambaji aliyepanda na gari kutoka Same mjini ana usiku mmoja tu wa kusimamisha jukwaa la maharusi, kutandika meza 20 na kuvalisha viti 200.

Aliyelijua hilo mapema amekuja na wasaidizi wa kutosha, taa za kufanyia kazi usiku na jukwaa linaloungwa kwa muda mfupi. Asiyelijua alishaahidi kuanza kazi Jumamosi saa nne asubuhi. Alipofika alikuta familia iko kanisani, geti limefungwa na dereva anahesabu saa za kusubiri.

Kosa kama hilo halihusiani na ufundi wa mikono. Linatokana na mazungumzo ambayo yangefanyika wiki kadhaa kabla, wakati familia na mpambaji wanakubaliana kitu gani kifanyike, wapi, lini na kwa pesa kiasi gani.

Desemba ya sherehe, Januari ya daftari

Kwa familia nyingi za Upare, Desemba ndiyo mwezi wa kurudi nyumbani. Watoto na wajukuu wanatoka Dar es Salaam, Arusha, Moshi na kwingineko. Kwa kuwa ndugu wote wapo, harusi, sendofu, kipaimara na sherehe za shukrani hupangwa katika wiki zile zile chache.

Halafu inakuja Januari. Shule zinafunguliwa, na mzazi anadaiwa sare, viatu, madaftari, nauli ya mwanafunzi wa bweni, na ada kwa aliye shule binafsi. Pesa iliyozidi kwenye sherehe ya Desemba haipotei hewani. Inaonekana Januari, mtoto anapochelewa kuripoti shuleni.

Katika bajeti ya sherehe, mapambo ni moja ya mafungu yaliyo rahisi kuvimba. Mchele una kilo, na mama yeyote aliyewahi kupikia wageni anajua wageni 200 wanahitaji kiasi gani. Mapambo huuzwa kwa macho. Mtu anaona picha Instagram, anaituma kwenye kundi la WhatsApp la kamati, watu wanaweka alama za moyo, na kabla hakijaulizwa kiasi cha pesa, picha imeshageuka ahadi.

Mwaka 1969, Mwalimu Julius Nyerere alipokuwa akiutambulisha Mpango wa Pili wa Miaka Mitano, aliliambia taifa kwamba kupanga ni kuchagua. Alizungumzia uchumi wa nchi, lakini neno lake linafaa hata kwenye kikao cha kamati ya harusi. Anayechagua kila kitu kwenye picha hajapanga bado.

Maswali kabla ya picha

Mazungumzo ya kwanza kati ya mteja na mpambaji mara nyingi huwa hivi. Mama wa bibi harusi anafungua simu na kusema, "Dada, nataka kama hii." Mpambaji mwenye haraka ya kazi anajibu, "Hakuna shida mama, tutafanya."

Anayejua kazi yake anajibu tofauti: "Shikamoo mama. Picha ni nzuri. Naomba kwanza niulize mambo machache."

La kwanza ni mahali. Ukumbini mjini, uwanja wa kanisa au uani nyumbani? Kama ni uani, kuna mteremko? Gari linafika mlangoni au mizigo itabebwa kichwani hatua mia mbili za mwisho?

La pili ni siku na saa, na lini eneo litakuwa wazi kwa kazi. La tatu ni idadi ya wageni, ile ya kweli, maana kamati ikialika 200 na kijiji kikaja kizima, viti 200 vyenye vitambaa vitazungukwa na viti 100 vitupu.

La nne ni umeme: upo, unatosha, na ukikatika kuna jenereta? La tano ni kiasi kilichotengwa. Wazazi wengi hukwepa swali hili wakihofia kwamba wakitaja Sh1.5 milioni, mpambaji ataimaliza yote. Hofu hiyo ina sababu, lakini ukimya una gharama kubwa zaidi. Mpambaji asiyejua kiasi ataleta pendekezo la kubahatisha, kisha litakatwakatwa mpaka lisieleweke.

La mwisho, ambalo wengi hulisahau: nani mwenye neno la mwisho? Bibi harusi anataka rangi ya krimu, shangazi anataka damu ya mzee, mwenyekiti wa kamati anataka kilicho nafuu. Mpambaji akisikiliza wote watatu atafanya kazi mara tatu kwa malipo ya mara moja. Familia ichague mtu mmoja wa kuongea naye.

Mlima una masharti yake

Picha nyingi za mapambo zinazozunguka kwenye simu zilipigwa ndani ya kumbi zenye kuta, dari na viyoyozi. Upare si hivyo.

Mji wa Same uko chini, kwenye nyanda kavu pembeni mwa barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha. Jua ni kali, vumbi ni jekundu na upepo unavuma kwa nguvu. Ukipanda juu hali inageuka. Kilele cha Shengena, kilicho katika msitu wa hifadhi wa Chome, kina urefu wa mita 2,462 kutoka usawa wa bahari. Katika vijiji vya juu kuna ukungu na baridi, na mvua za vuli zinaweza kunyesha siku ile ile ambayo Same mjini ni jua tupu.

Kwa hiyo pendekezo la Same mjini haliwezi kunakiliwa kama lilivyo kwa sherehe ya Mbaga au Chome. Chini, maputo yaliyoachwa juani hupasuka kabla maharusi hawajafika, na zulia jeupe hubadilika rangi kwa nyayo za kwanza. Juu, kitambaa chepesi kilicholowa ukungu hulala kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

Upepo ndio adui mkubwa wa sherehe za nje. Pazia refu nyuma ya maharusi linageuka tanga la jahazi, na jukwaa lisilofungwa vizuri linaweza kuwaangukia watu. Mpambaji makini hutumia nguzo fupi, huacha nafasi ya upepo kupita, huweka mifuko ya mchanga miguuni na kufunga kamba kwenye vigingi vilivyopigwa chini sana. Mishumaa yenye moto haina nafasi chini ya turubai penye upepo. Taa ndogo za betri zinatosha.

Barabara nayo ina neno lake. Fremu ya chuma ya mita sita isiyokunjika haipiti salama kwenye kona za milimani juu ya gari lililojaa watu na sufuria. Vifaa vya Upare viwe vya kuungwa na kufunguliwa. Na safari ya kukagua eneo ihesabiwe ndani ya bei, kwa sababu mpambaji ambaye hajaliona eneo anauza asichokijua.

Imani inaingia kwenye bajeti

Upare una imani nyingi zinazoishi pamoja, mara nyingine ndani ya ukoo mmoja. Wamisionari wa Kijerumani walianzisha kituo cha Wasabato Giti, eneo la Mamba, mwaka 1903. Same ni makao makuu ya Dayosisi ya Pare ya KKKT na pia ya Jimbo Katoliki la Same. Waislamu nao ni wengi, hasa ukivuka kwenda Usangi na Ugweno, wilayani Mwanga.

Kwa mpambaji, hayo ni mambo ya kuuliza mapema. Familia ya Kiislamu inaweza kutaka wanawake na wanaume wakae sehemu tofauti. Hapo kuna mapambo ya sehemu mbili, pengine na pazia la kutenganisha, na gharama inabadilika. Kanisani, mara nyingi usharika au parokia ina utaratibu wake kuhusu madhabahu, misumari, gundi ukutani na saa ya kuondoa vitu. Ni bora kumuuliza mzee wa kanisa mapema kuliko kuambiwa ubandue maua wakati kengele inagongwa.

Karatasi iwe na nini

Baada ya maswali na ukaguzi, mpambaji huandika mapendekezo. Si lazima yawe kitabu. Kurasa mbili zinatosha, na zikipigwa picha kamati nzima itazisoma kwenye simu.

Ukurasa wa kwanza ueleze wazo kwa maneno rahisi: rangi mbili au tatu, mahali pa jukwaa, njia ya kuingilia, meza za wazazi na meza za wageni. Mchoro wa mkono unaoonyesha upande wa jua la mchana na upande unakotoka upepo una faida kuliko picha kumi za watu wengine.

Ukurasa wa pili uwe wa idadi. "Kupamba ukumbi" si maelezo. "Meza 20, vitambaa vya meza 20, vitambaa vya viti 200, jukwaa moja la upana wa mita 4, taa za jukwaa, maua ya meza 20" ndiyo maelezo. Hapo kila mtu anajua anacholipia.

Vipimo navyo viandikwe. Meza ya duara yenye upana wa mita 1.5 na kimo cha sentimita 75 inahitaji kitambaa cha upana wa mita 3 ili kifike chini pande zote. Mzazi aliyeahidiwa kitambaa cha kufika chini akaletewa cha mita 2.2, ana haki ya kuuliza.

Mwisho, karatasi iseme nani analeta nini, nani analipia usafiri, nani anafidia kitambaa kikiungua au kupotea, na itakuwaje sherehe ikiahirishwa kwa msiba au mvua. Pande zote mbili zitie saini. Watani wa Wapare husema Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe kuendesha kesi ya kuku. Karatasi yenye saini inamwachia ng'ombe wake. Wahenga nao walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Hesabu ya mfano

Chukua mfano wa kufikirika: kamati imetenga Sh1.5 milioni kwa mapambo ya harusi ya wageni 200 katika kijiji cha milimani. Bei hubadilika kulingana na msimu na mahali, lakini namna ya kuhesabu ni ile ile.

Usafiri wa kwenda na kurudi Sh250,000. Wasaidizi wanne kwa siku mbili, Sh25,000 kila mmoja kwa siku, Sh200,000. Kukodi vitambaa vya meza na viti Sh450,000. Jukwaa na taa Sh350,000. Maua na majani Sh100,000. Akiba ya dharura Sh75,000. Jumla ni Sh1,425,000.

Zimebaki Sh75,000, na hizo ndizo malipo ya mpambaji mwenyewe. Ametumia siku moja kukagua eneo, siku moja kufua na kupiga pasi, siku moja kupamba na siku ya nne kwenye sherehe yenyewe. Ukigawa, anapata Sh18,750 kwa siku, chini ya msaidizi wake anayepata Sh25,000.

Hapo ndipo akina mama wengi katika kazi hii wanapoumia bila kujua. Wanapokea pesa nyingi mkononi na kudhani wamepata, kumbe wamezipitisha tu kwenda kwa dereva, kwa mwenye vitambaa na kwa wasaidizi. Mwaka unaisha, vitambaa vimechakaa, na hakuna akiba ya kununua vingine.

Dawa si lazima iwe kupandisha bei. Upare una utamaduni wa msaragambo, kazi ya pamoja ambayo kwayo watu wamechimba mifereji, wametengeneza barabara na kujenga shule. Familia ikikubali kwamba vijana wa ukoo watapanga viti na kubeba mizigo, wasaidizi wa kulipwa wanaweza kuwa wawili badala ya wanne. Sh100,000 imeokolewa. Mapambo yakipanda na lori lile lile linalobeba viti na sufuria, usafiri unaweza kushuka kutoka Sh250,000 hadi Sh150,000. Sh100,000 nyingine.

Kwa bajeti ile ile, mpambaji sasa anabaki na Sh275,000, na familia haijaongeza hata shilingi. Lakini hayo yanawezekana pale tu mapendekezo yanapoonyesha kila fungu peke yake. Jumla moja iliyoandikwa chini ya karatasi haimwonyeshi mtu mahali pa kusaidia.

Malipo nayo yapangwe. Mgawanyo mmoja unaolinda pande zote ni nusu wakati wa kukubaliana, asilimia 40 kabla ya gari kupakia, na asilimia 10 baada ya kukabidhiana vifaa. Kwa Sh1.5 milioni hiyo ni Sh750,000, Sh600,000 na Sh150,000. Mpambaji hakopi ili kuhudumia sherehe ya mtu, na mzazi hajalipa yote kabla hajaona kazi.

Vya nyumbani vina heshima yake

Pendekezo zuri huangalia pia kilichopo. Milimani kuna migomba, kangaga na maua yanayopandwa uani kwa watu. Majani yakikatwa alfajiri na kusimamishwa kwenye ndoo ya maji kivulini, yatafika jioni yakiwa hai. Tambarare kuna mkonge, na kamba yake inafunga, inaning'iniza na kupamba kwa wakati mmoja. Vyungu vya udongo, ufundi wa miaka mingi wa wanawake wa Kipare, vinasimama vizuri katikati ya meza kuliko chupa za plastiki zilizopakwa rangi ya dhahabu.

Vipo vya kuepuka. Msitu wa Chome ni hifadhi, na kukata miti au mimea humo kwa ajili ya sherehe ni kutafuta matatizo na sheria. Majani yatoke mashambani na uani, kwa ruhusa ya mwenyewe. Na mmea wa sale, ambao kwa majirani Wachaga ni alama ya mpaka na ya kuombana msamaha, usichukuliwe kama jani lolote la kijani. Pale ambapo mmoja wa maharusi anatoka upande huo, waulizwe wazee kwanza.

Kwa mama anayetaka kuanza

Kazi hii inawavuta akina mama wengi kwa sababu inaweza kuanzia nyumbani. Hata hivyo, mtaji usikimbilie kununua kila kitu. Anayeanza anaweza kukodi viti na jukwaa, akanunua vitambaa vya rangi mbili zinazoendana na sherehe nyingi, kama nyeupe na krimu, kisha akabadilisha mwonekano kwa riboni.

Halmashauri nchini hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mahali pa kuulizia ni ofisi ya maendeleo ya jamii. Hapo pia daftari la makisio na mapendekezo yaliyotiwa saini yana kazi, kwa kuwa yanaonyesha biashara ipo na inahesabika.

Jambo jingine ni picha. Mpambaji anayemwonyesha mteja picha za kazi ya mtu mwingine amejifunga kwa ahadi asiyoweza kuitimiza. Picha tano za kazi yake mwenyewe, hata kama ni za kipaimara cha jirani, zinamtetea vizuri zaidi. Kila picha iwe na maelezo: wageni wangapi, bei kiasi gani, ndani au nje.

Jumatatu asubuhi

Mapambo hayaishi wageni wanapoondoka. Jumatatu asubuhi, uani kukiwa bado na alama za vigingi, mpambaji na mtu mmoja wa familia hukaa chini na kuhesabu. Vitambaa vya meza 20, vipo. Vitambaa vya viti 200, vimerudi 197. Kimoja kimeungua kwa mkaa, viwili havionekani.

Bila karatasi, hapo ndipo maneno huanza, na mara nyingi huanza kati ya watu watakaokutana kanisani, msikitini, sokoni na misibani kwa miaka mingi ijayo. Kwa karatasi, wanafungua ukurasa wa pili, wanasoma mstari wa fidia, wanakata kutoka kwenye akiba ya dharura na kupeana mikono. Kinachobaki kwenye akiba hurudi kwa mzazi, kikasubiri Januari.